Tumbo, bakteria na akili: maswali ninayoulizwa kila mara dirishani

Nafanya kazi famasi, na miaka ya karibuni maswali yamebadilika. Zamani mtu alikuja anaomba dawa ya gesi basi, siku hizi anakuja na simu mkononi, kuna video ya mtu anasema depresheni yote inaanzia tumboni na inaisha kwa kopo moja la vidonge vya bakteria hai, yaani probayotiki. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia. Msimamo wangu nausema mapema: tumbo na akili vina uhusiano wa kweli kabisa, ila biashara inayofanywa kwa jina la uhusiano huo imekimbia mbali mno na ushahidi, na mtu mwenye depresheni anayeacha matibabu sababu ya kopo ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote.

Hivi ni kweli tumbo linawasiliana na ubongo au ni maneno ya mitandaoni?

Ni kweli, na wewe mwenyewe unalijua tangu shule, asubuhi ya mtihani wa taifa foleni ya chooni ilikuwa ndefu kuliko siku zote na hakuna aliyekula kitu kibovu. Kuna mshipa wa fahamu unaitwa vegasi, unaanzia kwenye shina la ubongo unashuka shingoni, unapita kifuani mpaka tumboni, na karibu 80% ya nyuzi zake zinapeleka taarifa juu, kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo. Wengi wanadhani ni kinyume chake. Halafu ukuta wa utumbo wenyewe una seli za fahamu zaidi ya milioni 100, ndo maana unasukuma chakula bila kusubiri amri ya mtu.

Njia nyingine ni homoni za stresi kama kotisoli, na nyingine ni kinga ya mwili. Hii ya kinga watu wanaisahau lakini kila aliyewahi kuugua malaria anaifahamu: hutaki kuongea na mtu, hutaki chakula, hata redio inakukera, unajisikia mnyonge bila sababu. Hizo ni kemikali za kinga zimefika kichwani. Na sehemu kubwa ya seli za kinga za mwili iko kwenye utumbo, kwa hiyo utumbo ukichokozeka muda mrefu sio ajabu na mood ikabadilika.

Nimesoma kwamba 90% ya serotonini inatengenezwa tumboni, kwa hiyo nikitengeneza tumbo napata furaha?

Namba ni ya kweli, hitimisho ndo sio. Serotonini ni kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini, na ya tumboni inafanya kazi za hukohuko, inasukuma chakula, inaleta kichefuchefu ukila kitu kibaya, nyingine inabebwa na chembe sahani za damu. Haivuki ule ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Ubongo unatengeneza ya kwake kutoka kwenye triptofani, ambayo unaipata kwenye mayai, maharage, karanga, samaki, na hiyo triptofani ndiyo inavuka, na bakteria wa tumboni wanachangia kuamua itatumikaje. Kwa hiyo uhusiano upo ila unapita njia ndefu, sio kwamba unakunywa mtindi saa mbili, saa tatu una furaha.

Na hii inaeleza kitu kingine ambacho wateja wananiuliza, kwa nini dawa nyingi za depresheni siku za mwanzo zinaleta kichefuchefu au kuharisha. Ni sababu zinagusa serotonini popote ilipo, na kwenye tumbo ndo ipo nyingi. Kwa watu wengi inatulia ndani ya wiki moja mbili, kumeza baada ya chakula kunasaidia, usikimbilie kuiacha.

Sasa bakteria wanaingiaje kwenye habari za akili?

Kwanza tuweke idadi sawa. Wanasema bakteria ni mara 10 ya seli zako, hiyo ni hesabu ya zamani, makadirio ya 2016 ni kama trilioni 38 kwa mwanaume wa kilo 70, karibu wanalingana na seli zake mwenyewe. Wengi wako kwenye utumbo mpana. Wanachofanya huko ni kula zile nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, na wakizila wanatoa asidi ndogondogo, mojawapo inaitwa butireti, ambayo ndo chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Ukuta ukishiba unakaza, uchafu hauvuji kwenda kwenye damu, kinga inatulia.

Jambo lililowaamsha wanasayansi lilitoka Japani mwaka 2004. Panya waliofugwa bila bakteria hata mmoja walipotiwa stresi, homoni zao zilipanda kupita kiasi kuliko panya wa kawaida, na walipopewa bakteria aina ya Bifidobacterium wakiwa bado wadogo hali ikarudi kawaida. Mwaka 2011 watafiti wa Cork kule Ireland na wenzao wakawapa panya Lactobacillus rhamnosus, panya wakapunguza woga, ila waliokatwa vegasi hawakubadilika kitu. Hapo ndo dunia ikachangamka.

Lakini kuna sehemu ambayo video hazikwambii. Timu ileile ya Cork ikachukua bakteria yuleyule ikawapa wanaume 29 wenye afya zao, matokeo yakatoka 2017, hakukuwa na tofauti na kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia kitu kwa ushahidi wa panya, muulize na wa binadamu.

Mi nikiwa na mawazo tumbo linavurugika, linajaa gesi, linakata, mara naharisha mara sipati choo. Ni vidonda vya tumbo?

Hili ndo swali namba moja, na hapa ntakaa kidogo.

Kwetu kila maumivu ya tumbo yanaitwa vidonda. Mtu anaumwa miaka, hajawahi kupimwa, amekula omeprazo na Flagyl mpaka amezoea. Vidonda vya kweli mara nyingi vinasababishwa na bakteria anaitwa H. pylori au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini zinazotumika ovyo, na hivyo vina dawa maalumu za kuua mdudu, mchanganyiko wa dawa kadhaa kwa siku 14, sio Flagyl peke yake. Ukienda kupima uliza kipimo cha choo au cha pumzi. Kile cha damu kinaonyesha kingamwili tu na kinaweza kubaki chanya hata mdudu ameshakufa zamani, nimeona watu wanarudishiwa dozi mara ya tatu kwa karatasi ileile ya damu na inaniuma. Na kabla ya kipimo hicho cha choo au pumzi unatakiwa uwe umeacha omeprazo kama wiki mbili na antibayotiki kama wiki nne, vinginevyo kinaweza kudanganya kwamba huna.

Lakini kuna kundi kubwa wanapima kila kitu, hakuna kidonda, hakuna mdudu, na bado wanaumwa, na kwa kweli hawadanganyi. Hawa wengi wana kitu madaktari wanakiita IBS, utumbo wenye hisia kali kupita kiasi, maumivu yanakuja na mabadiliko ya choo, na yanazidi kukiwa na msiba, kesi, madeni, ugomvi wa ndoa. Wasiwasi na depresheni vinaonekana zaidi kwa watu wa IBS, na inakwenda pande zote mbili, akili inavuruga tumbo na tumbo linavuruga akili. Kaka mmoja, dereva wa daladala, alikuwa anaogopa kupanda gari la safari ndefu sababu hajui choo kitamshika wapi, akaacha kwenda hata kwenye mazishi ya watu wake. Hiyo haitibiwi na omeprazo. Inatibiwa kwa kurekebisha chakula, dawa za kutuliza misuli ya utumbo kama daktari akiona inafaa, na kwa kukaa na mtu wa ushauri nasaha anayejua kazi yake, tena matibabu ya kisaikolojia yana ushahidi mzuri kwenye IBS. Kuna aina za probayotiki pia zinazosaidia baadhi ya watu kupunguza gesi na maumivu, sio wote.

Ila usijipe IBS mwenyewe. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, damu kwenye choo, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, kuishiwa damu, maumivu yanayokuamsha usiku, au tatizo limeanza ukiwa mtu mzima wa miaka 50 kwenda juu: hospitali, leo.

Probayotiki ni nini hasa?

Maelezo yanayotumika yalitolewa na FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) na WHO mwaka 2001: ni vijidudu hai ambavyo ukivipata kwa kiasi cha kutosha vinakuletea faida ya kiafya. Shika maneno mawili, hai na kiasi cha kutosha. Wakiwa wamekufa kwa joto la dirisha la duka, haihesabiki. Na faida inatokana na aina mahususi kabisa, ndo maana kwenye kopo zuri utakuta jina la bakteria likifuatiwa na herufi na namba, mfano GR-1. Kopo limeandikwa "probayotiki" tu bila jina kamili, bila idadi ya bakteria watakaokuwa hai mpaka tarehe ya kuisha, mi siwezi kukushauri ununue.

Kingine, wengi wa hawa bakteria hawahamii tumboni kwako. Wanakuja kama wageni, wanafanya kazi wakiwa njiani, ukiacha kumeza siku chache wamekwisha kuondoka.

Mtindi, togwa, uji mchachu, mursik, hivi navyo ni probayotiki?

Kwa lugha kali ya wataalamu, chakula kilichochachuka ni chakula kilichochachuka, kinaitwa probayotiki pale tu bakteria wake wanapojulikana na faida ikapimwa. Kwa maisha ya kawaida mi nasema kunywa, cha msingi ujue kipi kina bakteria hai kikifika mdomoni.

Uji mchachu unachachua unga kwanza halafu unapika. Ukichemka bakteria wamekufa. Bado una faida zake, unasagika vizuri tumboni na madini yanafyonzwa kirahisi, ila hai hakuna. Togwa ni kinyume. Bibi mmoja mteja wetu mwenyeji wa Songea alinielekeza anavyofanya: anapika uji wa mahindi mzito kabisa, anauacha upoe mpaka kidole kinavumilia, anatia kimea cha ulezi anakoroga, na hapo uji ule mzito unalegea ukiwa unautazama, unakuwa mwepesi wa kunywewa. Anafunika, kesho yake kuna mapovu na kaharufu ka uchachu. Kwa kuwa umeshapikwa kabla, bakteria wanabaki hai, na ile asidi inazuia vijidudu vya kuharisha. Utafiti wa miaka ya 1990 kwa watoto wa chini ya miaka 5 hapa Tanzania ulionyesha waliokunywa togwa kila siku walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha kwenye utumbo. Uchafu unaoingia mwishoni, kikombe cha kuchotea au maji ya kuongezea ambayo hayajachemshwa, huo ndo wa kuuchunga.

Mtindi na maziwa lala ya Kenya vina bakteria hai kama havijapashwa moto baada ya kuganda. Kwa wenye ng'ombe nasisitiza, chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndo ugandishe kwa kijiko cha mtindi mzuri wa jana. Uchachu peke yake sio ulinzi wa kutosha dhidi ya brusela (homa inayotoka kwa mifugo) wala kifua kikuu cha ng'ombe. Mursik ya Wakalenjin nayo mara nyingi maziwa yanachemshwa kabla ya kutiwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa, na bakteria wa jamii ya Lactobacillus wamekutwa humo, ila pia imekutwa na asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya koo la chakula, kwa hiyo isiwe kinywaji chako cha kila mlo.

Tusisahau Mwanza. Miaka ya 2000 mwanzoni kina mama wa pale walianza kutengeneza yogati yenye Lactobacillus rhamnosus GR-1 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Ontario, Canada, na taasisi yetu ya utafiti NIMR. Jiko la mtaani, bakteria anayejulikana kwa jina na namba. Mi hiyo naiheshimu kuliko kopo la kuagizwa lililokaa kwenye kontena juani.

Na yogati za supamaketi?

Soma lebo. Kama inakaa nje ya friji miezi, imepashwa moto na bakteria wamekufa. Angalia na sukari, nyingine ni soda ya maziwa.

Vidonge vya probayotiki vinatibu depresheni?

Havitibu peke yake, ila kuna dalili nzuri kwamba vinaweza kusaidia vikiongezwa juu ya matibabu. Mwaka 2023 watafiti wa King's College London walichapisha majaribio ya watu 49 wenye depresheni ambao dawa zao zilikuwa hazijawatosha, wakaendelea na dawa, nusu wakaongezewa probayotiki yenye aina 14 kwa wiki 8, na hao walipungukiwa na depresheni na wasiwasi zaidi kuliko wenzao. Kabla yake, 2018, hospitali moja ya Baltimore ilifuatilia wagonjwa 66 waliokuwa wametoka kulazwa kwa mania (hali ya kuchangamka kupita kiasi mpaka mtu anapoteza udhibiti), waliopewa probayotiki kundi lao lilirudishwa wodini mara 8, la wasiopewa mara 24.

Ni matokeo ya kutia moyo na mi nayafurahia kwa dhati, ila hesabu mwenyewe, watu 49, watu 66. Na wote walikuwa chini ya daktari. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa atupe dawa zake.

Kwa hiyo naweza kuacha dawa za depresheni nikabaki na hizi za asili?

Hapana. Dada yangu, kaka yangu, hapana. Ukikatisha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi kuvurugika, wasiwasi kurudi kwa nguvu, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi mbaya kuliko mwanzo. Kama dawa inakusumbua rudi kwa aliyekuandikia, zipo nyingine, dozi inabadilishika.

Na kama huna dawa wala hujawahi kumwona mtu, ila wiki mbili sasa hufurahii kitu, usingizi hakuna au umezidi, unajiona mzigo, usianzie kwangu dirishani kununua kopo. Hospitali za mikoa zina huduma za afya ya akili, Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi Mathari, Kampala Butabika. Kama mawazo ya kujiua yapo, mwambie mtu sasa hivi, yeyote unayemwamini, akupeleke, asikuache peke yako usiku huo.

Nile nini basi?

Hapa ndo ningependa watu waweke hela zao. Australia 2017, Profesa Felice Jacka na wenzake walichukua watu 67 wenye depresheni, kundi moja wakafundishwa kula vizuri (mboga, matunda, maharage, nafaka zisizokobolewa, samaki, karanga, mafuta ya zeituni) na lingine wakapata mtu wa kukaa nao na kuongea. Baada ya wiki 12, 32% ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye depresheni, la pili 8%. Ni utafiti mdogo na watu walijua wako kundi gani, lakini chakula chenyewe hakina hasara.

Na hicho chakula kwetu kipo. Makande, dagaa, kunde, mchicha na matembele, dona, viazi vitamu, ubuyu, parachichi. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wanakadiriwa kula gramu 100 mpaka 150 za nyuzinyuzi kwa siku, mizizi na ubuyu na matunda ya porini, na watafiti wa Stanford waliochapisha 2017 walikuta bakteria wao wanabadilika na msimu, kiangazi na masika, na wale wanaopotea na kurudi ndo haohao ambao watu wa miji ya viwandani karibu hawanao tena. Huo ulikuwa utafiti wa bakteria sio wa akili, ila unaonyesha tumebadilisha nini tulipohamia chipsi na soda.

Stanford haohao 2021 walijaribu na vilivyochachuka, watu wazima 36 kwa wiki 10, waliokula yogati, kefa (maziwa yaliyochachuliwa) na mboga zilizochachuliwa kila siku walipata aina nyingi zaidi za bakteria na dalili za uchochezi, yaani kinga ya mwili kuwaka, kwenye damu zikashuka.

Kama hujazoea maharage usianze na sahani, ongeza taratibu wiki hadi wiki na maji mengi, la sivyo gesi itakukimbiza. Roweka maharage usiku, mwaga yale maji. Na wenye IBS mjue maharage na vitunguu vinaweza kuwachokoza, pimeni kidogo kidogo.

Nikimeza antibayotiki nimeze na probayotiki?

Kuna aina zinazopunguza kuharisha kwa antibayotiki, ikiwemo hamira moja inaitwa Saccharomyces boulardii, ambayo kwa vile sio bakteria antibayotiki haiiui. Ila taasisi ya Weizmann ya Israeli 2018 iliona kwamba kwa waliomeza probayotiki baada ya antibayotiki, bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko walioachwa bila kitu. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya sio lazima. Lazima ni kutokununua sipro kwa mafua, na ukiandikiwa dozi imalize.

Dawa za kusafisha tumbo, ditoksi?

Sikuuzii. Zinakuharisha, unapoteza maji na chumvi, na bakteria wazuri wanatoka pamoja na unaodhani ni uchafu. Utumbo unajisafisha wenyewe.

Kuna wasiotakiwa kutumia probayotiki?

Wapo. Watoto njiti, mwaka 2023 FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, ilionya kuhusu hilo baada ya kifo cha kichanga. Walio na kinga iliyoshuka sana, wa saratani wakiwa kwenye matibabu, wenye mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu, wagonjwa mahututi. Uholanzi 2008 wagonjwa wa kongosho iliyovimba vibaya walipewa probayotiki na waliokufa wakawa wengi kuliko wasiopewa, 24 dhidi ya 9. Mzima wa kawaida akinywa mtindi hana shida, mgonjwa wa wodini msipenyezee kitu bila daktari kujua.

Nijaribu kwa muda gani?

Kama ni vidonge, aina moja, wiki 4 mpaka 8, andika kwenye daftari usingizi, choo na mood kila jioni. Hakuna mabadiliko, acha, usinunue kopo la pili kwa matumaini.

Maziwa yananivuruga, mtindi nitauwezaje?

Watu wengi wazima wa huku hatusagi laktosi (sukari ya maziwa) vizuri, jamii za wafugaji ndo nyingi zina uwezo huo, wanasayansi walishaonyesha 2007 kwamba wa Tanzania na Kenya waliupata kwa njia yao tofauti na Wazungu. Kwenye mtindi bakteria wameshakula sehemu ya laktosi, kwa hiyo wengi wanaosumbuliwa na maziwa fresh mtindi wanauvumilia. Anza na nusu kikombe pamoja na chakula. Ukikukataa kabisa, togwa haina maziwa.